Gari Likiinuliwa, Shafti Hudai Haki Yake

Barabara zinazouzunguka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua hazifanani, lakini zote humfanya dereva atamani gari lililokaa juu. Ukipita lango la Kiandongoro kuingia Mbuga ya Aberdare wakati wa mvua, udongo hulainika hadi magurudumu yakachimba mifereji miwili, na tuta linalobaki katikati likakwaruza tumbo la gari. Njia inayopanda kutoka mji wa Chogoria hadi lango la Mlima Kenya, lililo mita 2,950 juu ya usawa wa bahari, hupita msituni na kwenye mianzi kwa kama kilomita 30, nayo ina mashimo ya kumeza gurudumu zima. Ukitoka Nanyuki kuingia nyanda za Laikipia, unakutana na udongo mweusi ambao ukilowa hujikusanya kwenye tairi hadi meno ya tairi yasionekane. Ndiyo maana katika gereji za Nyeri, Chaka, Naro Moru na Nanyuki nimesikia ombi moja kuliko mengine yote: "Fundi, niinulie gari."

Nimelijibu ombi hilo kwa miaka mingi, na imani yangu haijabadilika: anayeinua gari bila kuishughulikia propela shafti ameacha kazi nusu, na nusu iliyobaki itamdai mwenye gari akiwa mbali na gereji, pengine na watoto wa watu ndani. Springi mpya zinaonekana, tairi kubwa zinaonekana, na gari likisimama mbele ya duka kila mtu hulitazama. Shafti hakuna anayeinama kuitazama. Lakini shafti ndiyo inayolipia kila inchi.

Nilijifunza hayo mjini Nyeri, katika gereji ya jua kali iliyokuwa na mabati upande mmoja na anga tupu upande wa pili. Aliyetufunza alikuwa mzee aliyeanza ufundi enzi ambazo Land Rover zilikuwa zikiunganishwa Thika, na mikono yake iliyajua magari hayo hata gizani. Sisi wanafunzi tulimwita Mzee, na wateja wenye mvi nao walimwita hivyo hivyo. Alikuwa na spana kama za kila fundi, lakini juu ya kabati lake kulikuwa na vitu viwili ambavyo sikuvitarajia katika gereji: timazi ya mwashi na kipimapembe cha shule. Mtu akileta gari akitaka liinuliwe, Mzee hakugusa jeki kwanza. Alichukua vitu hivyo viwili, akalala chini ya gari, akaanza kupima.

Ili kuelewa alichokuwa akipima, ni lazima kujua shafti inafanya nini. Ni bomba la chuma linalotoa nguvu kwenye transfa (sanduku la gia linaloigawa mbele na nyuma) na kuipeleka kwenye difu (gia za katikati ya ekseli). Gari la kuvuta kwa magurudumu manne lina mbili, ya mbele na ya nyuma. Kila moja ina krosi huku na huku ili iweze kupinda, na ina sehemu ya meno ya kuteleza ili iweze kurefuka na kufupika springi zinapocheza. Transfa imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo chesisi ikiinuliwa, transfa hupanda nayo. Ekseli na difu yake hubaki chini pamoja na magurudumu. Hapo umbali kati ya ncha mbili za shafti huongezeka, na pembe ambayo krosi inapaswa kuibeba huongezeka pia. Shafti fupi huumia kuliko ndefu, maana inchi zile zile mbili kwenye shafti fupi hutoa mwinuko mkali zaidi. Ndiyo maana Land Rover fupi, yenye inchi 88 kati ya ekseli zake, humpa fundi kazi kuliko ile ya inchi 109, na Suzuki ndogo humpa kazi kuliko zote mbili.

Kuna jambo lingine ambalo Mzee alihakikisha kila mteja analijua kabla ya kutoa pesa. Springi ndefu haziiinui difu. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli inakaa katikati ya gurudumu. Kinachoweza kuiinua ni tairi kubwa pekee. Hata tairi yenyewe hutoa nusu tu ya kinachodhaniwa: ukitoka tairi ya inchi 31 kwenda ya inchi 33, difu hupanda inchi moja. Springi huinua tumbo la gari na kutoa nafasi ya tairi kubwa kuzunguka bila kugusa bodi. Hiyo ni faida halisi, lakini si ile ambayo wengi hufikiri wanainunua. Nimeona watu wakitumia akiba ya mwaka mzima kuinua gari kwa springi, kisha wakakwama mahali pale pale walipokuwa wakikwama, kwa sababu kilichokuwa kikigonga jiwe ni difu.

Baada ya hapo Mzee alitueleza krosi. Umbo lake ni la zamani sana. Katika karne ya 17 Robert Hooke wa Uingereza alikuwa tayari ameandika kuhusu kiungo cha namna hiyo, na kwa Waitaliano jina linalotajwa ni la Gerolamo Cardano wa karne iliyotangulia. Kiungo hiki kina tabia moja ambayo haionekani kwa macho. Kikinyooka, kasi inayoingia ndiyo inayotoka. Kikipinda, kasi inayotoka hupanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10, kasi hupanda na kushuka kwa kama asilimia 1.5, na gari halitakulalamikia. Kwa nyuzi 20 hufika asilimia 6. Kwa nyuzi 30 hupanda kwa asilimia 15 na kushuka kwa asilimia 13. Pembe imeongezeka mara tatu, lakini msukosuko umeongezeka kama mara kumi. Hapo ndipo wengi hudanganyika: inchi mbili za kwanza haziwasumbui, wakaamini kwamba mbili nyingine zitakuwa hivyo hivyo.

Dawa ya tabia hiyo imo ndani ya shafti yenyewe. Krosi ya pili hufuta makosa ya ile ya kwanza, mradi pembe zao ziwe sawa na yoki zao, zile uma zinazozishika, zitazamane kwa mpangilio mmoja. Ukiivuta shafti kwenye meno yake na kuirudisha ikiwa imepishana kwa jino moja, krosi hizo mbili huacha kusaidiana. Kwa sababu hiyo Mzee hakuturuhusu kufungua shafti yoyote kabla ya kuitia alama. "Kijana wangu, tia alama kwanza," alikuwa akisema, na kama tindo haikuwa karibu, tulitumia rangi au chokaa. Alitaka alama kwenye flanji zote mbili (sahani za kufungia shafti kwa boliti) na alama nyingine mahali bomba linapoingia kwenye meno. Ilichukua muda mfupi kuliko kutafuta spana. Leo vijana walio chini yangu huisikia kauli hiyo kutoka kinywani mwangu kila siku, na siichoki.

Fikiria kasi inayohusika. Gari lenye tairi za inchi 32 na difu yenye uwiano wa 4.1, likienda kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya kati ya Kiganjo na Naro Moru, huzungusha shafti zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Kwa kuwa msukosuko wa krosi huja mara mbili katika kila mzunguko, difu hupokea vishindo zaidi ya 4,000 kila dakika. Dereva huusikia kama mvumo kwenye sakafu, kisha kama mtetemo kwenye kiti. Baada ya muda sili ya pinioni, ile gia ya difu inayopokea nguvu ya shafti, huanza kuvuja mafuta, beringi hulegea, na boliti za flanji hujifungua zenyewe. Mwenye gari huja akilalamikia mafuta yanayodondoka. Anabadilishiwa sili, na baada ya muda mafuta yanadondoka tena. Ugonjwa haukuwa kwenye sili.

Siku niliyoelewa uzito wa mambo haya, tuliitwa kwenda kuchukua gari lililokwama juu ya Chogoria. Tulitoka Nyeri alfajiri kupitia Karatina, Kerugoya, Kutus, Embu, Runyenjes na Chuka, tukapanda na gari letu hadi ndani ya mianzi. Tuliikuta Land Rover fupi, muundo wa Series III, imesimama upande mmoja wa njia, imeegemea ukingo wa udongo. Ilikuwa imebeba mizigo ya wapanda mlima. Wapagazi walikuwa wameishusha mizigo yote na wengine walikuwa wameshaanza kuibeba kwa miguu. Dereva, kijana mtaratibu, alitusalimia kwa heshima, kisha akamwambia Mzee, "Mzee, nimesikia mlio kama wa bunduki, halafu gari likaacha kuvuta."

Mzee hakuinama chini ya gari. Alituagiza kwanza tuyatafute mawe makubwa na kuyaweka nyuma ya magurudumu yote. Katika Land Rover za aina hiyo, breki ya mkono haikai kwenye magurudumu. Ni ngoma iliyofungwa nyuma ya transfa, na inayashika magurudumu ya nyuma kupitia shafti. Shafti ya nyuma ikikatika au ikifunguliwa, breki ya mkono haina tena njia ya kuyafikia magurudumu hayo. Dereva alikuwa ameivuta hadi mwisho na kuiamini. Kilichokuwa kikilizuia gari lisiteremke kuelekea kwa wapagazi ni ule ukingo wa udongo.

Mawe yalipokaa, tuliingia chini. Krosi ya nyuma ilikuwa imepasuka na sikio moja la yoki limevunjika. Ukiitazama ile yoki, ungeona mahali masikio yake yalipokuwa yakigusana kabla ya kuvunjika: chuma kilikuwa kimelika hadi kung'aa, pande mbili zinazokabiliana. Springi zilikuwa zimeongezwa majani, na shako, vile vyuma vinavyoshikilia ncha za springi kwenye chesisi, zilikuwa zimebadilishwa kuwa ndefu. Kazi hiyo ilifanywa katika gereji nyingine, na shafti iliachwa kama ilivyokuwa. Zile shako ndefu ziliigeuza ekseli, pinioni ikatazama juu kuliko ilivyopaswa, hivyo pembe za krosi mbili hazikuwa sawa tena. Na gurudumu moja lilipodumbukia shimoni, ekseli ilishuka kuliko shafti ilivyoweza kufuata. Kwenye sakafu ya gereji gari hilo lingeonekana zima kabisa. Kilichokuwa kimesahaulika ni kwamba njia ya Chogoria haina sakafu.

Tuliifungua shafti ile kwa kuzikata boliti mbili zilizokataa, tukaiweka nyuma ya gari. Mzee aliminya kitufe cha manjano kinachounganisha mvuto wa magurudumu manne, akahakikisha magurudumu ya mbele yameshikana na shafti yao, na gari likashuka mlima kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele peke yake, polepole, kwa gia ya chini, nasi tukitangulia na mawe mikononi kila mahali palipokuwa na mteremko mkali. Wapagazi walisaidia. Hakuna aliyeumia. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nikifikiria kwamba kama shafti ile ingekatika upande wa mbele badala ya nyuma, ncha yake ingeanguka ardhini na gari likiwa kasini, ikachimba barabara na kuliinua gari. Tangu siku hiyo sijaiona tena shafti kama bomba tu.

Ukarabati wa gari lile ndio ulionifundisha kazi kamili. Tulipolifikisha Nyeri, Mzee aliliinua kwa jeki chini ya chesisi, akaziacha ekseli zining'inie hewani hadi springi zikafika mwisho wao. Hapo ndipo alipoipima shafti. Aliizungusha kwa mkono, mzunguko mzima, akihisi kama krosi inakaza mahali popote. Alipima meno ya kuteleza yamebaki yameshikana kiasi gani. Kisha akateremsha gari, akalipakia magunia ya mchanga hadi springi zikalala, akapima tena ili kujua kama shafti ina nafasi ya kufupika. Shafti ikiwa ndefu mno hugonga mwisho wa meno, na nguvu hiyo huingia moja kwa moja kwenye beringi ya transfa na ganda lake. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na kwenye magari yaliyoinuliwa ni kweli tupu: shafti hupimwa gari likishuka, ekseli ikiwa imening'inia, si gari likiwa limesimama likipendeza.

Baada ya vipimo huja uamuzi, na hapa ndipo fundi mwenye kujali hutofautiana na mwenye haraka. Njia ni nyingi, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli ili kuigeuza pinioni irudi kwenye pembe yake. Kwa ekseli ya nyuma yenye springi za majani, hii ni dawa nzuri na ya bei nafuu, mradi kabari iwe ya chuma kigumu na boliti ya katikati iwe ndefu ya kutosha. Kwa ekseli ya mbele ni hatari. Ukiigeuza ekseli ya mbele ili kuipendeza shafti, unabadilisha pia mlalo wa magurudumu unaoufanya usukani ujirudishe wenyewe. Shafti itatulia, lakini gari litaanza kuyumba barabarani, na kwenye kona za Nyeri hilo halivumiliki.

Ya pili ni kuishusha giaboksi na transfa kwa spesa kwenye vishikio vyake. Pembe hupungua, lakini tumbo la gari hurudi chini, na mwenye gari anapoteza sehemu ya kile alicholipia.

Ya tatu ni spesa ya chuma kati ya flanji na shafti. Hurefusha, nayo inafaa pale ambapo meno ya kuteleza yamebaki yameshikana kidogo tu. Lakini haipunguzi pembe kwa kiasi cha kutegemewa, na boliti zake lazima ziwe za daraja la juu.

Ya nne ni kulikata bomba na kulirefusha. Kazi hii nimeona ikiharibiwa kuliko zote. Wateja wameniletea mabomba ya maji wakitaka niyachomelee. Bomba la maji lina mshono na unene wake haulingani. Likizunguka mara 2,000 kwa dakika, upande mzito hulivuta nje hadi liteme krosi. Shafti hutaka bomba lililotengenezwa kwa kazi hiyo, likatwe kwenye mashine ya kukerezea, linyooshwe, lichomelewe kidogo kidogo pande zinazokabiliana ili joto lisilipinde, kisha lisawazishwe kwenye mashine maalumu. Mashine hiyo hatukuwa nayo, kwa hiyo Mzee alizipeleka shafti zake Nairobi, na mteja asiyetaka kungoja aliambiwa kwa upole atafute fundi mwingine.

Ya tano ni shafti yenye krosi mbili zilizounganishwa pamoja upande wa transfa. Krosi hizo hugawana pembe na kufutiana makosa pale pale, kwa hiyo pinioni haihitaji tena kulandana na transfa. Inapaswa kuielekea shafti moja kwa moja. Kwa gari lililopanda sana, hii ndiyo njia ya haki. Lakini pinioni ikitazama juu, mafuta ya difu hurudi nyuma na beringi ya mbele ya pinioni inaweza kukauka, hivyo kiasi cha mafuta lazima kiangaliwe upya.

Kwa Land Rover ile ya Chogoria, Mzee aliziondoa shako ndefu na kurudisha za kawaida, akapunguza majani ya springi, akaweka krosi mpya zenye tundu za kutilia grisi na yoki mpya, kisha akafunga mikanda imara kati ya chesisi na ekseli ili ekseli isishuke kupita uwezo wa shafti. Gari lilibaki juu kuliko lilivyotoka kiwandani, lakini chini kuliko lilivyokuja. Mwenye gari hakufurahi siku ile. Aliendelea kulitumia mlimani, na shafti ile haikurudi kwetu tena ila kutiwa grisi.

Kuna watu husema kwamba kuinua magari ni mchezo wa matajiri. Kwa mtu wa Nyeri, neno hilo si la kweli. Mwaka 1988 shirika la Rhino Ark lilianzishwa ili kuwaokoa vifaru weusi wa Aberdare, na mwaka 1989 yakaanza mashindano ya Rhino Charge ya kulichangia pesa. Magari hupewa saa 10 kufikia vituo 13 katika nyika isiyo na barabara, na mshindi ni yule aliyetumia umbali mfupi kuliko wote, jambo linalomlazimu dereva kupita kwenye makorongo badala ya kuyazunguka. Michango iliyopatikana kupitia mashindano hayo ilisaidia kujenga uzio wa umeme kuizunguka Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Mkulima wa kando ya msitu ambaye zamani alilala shambani akiwafukuza ndovu kwa moto na mabati sasa analala nyumbani kwake. Msitu uleule hutoa maji yanayonywewa Nairobi.

Nimepata nafasi ya kulala chini ya baadhi ya magari yaliyojengwa kwa ajili ya nyika ya namna hiyo, na yamenithibitishia mafunzo ya Mzee. Kwa macho ya mtazamaji ni magari marefu yenye tairi kubwa. Ukiingia chini unakuta kila kitu kimefikiriwa upya pamoja: shafti zimejengwa kwa urefu wake, kuna pete ya chuma inayoizunguka shafti ili ikikatika isifike ardhini, mabomba ya breki yamerefushwa, ekseli zimefungwa mikanda. Wajenzi wake waliamua kwanza gari litapita wapi, ndipo wakaamua lipande kiasi gani. Urefu ulikuja mwisho wa hesabu.

Hilo ndilo ninalowaambia wateja wangu leo. Anapokuja dereva wa watalii akitaka inchi nne kwa sababu ameona gari la mwenzake, namuuliza swali moja kabla ya bei: unaenda wapi, na unabeba nani? Mtu anayezunguka kati ya Mweiga na lango la Ruhuruini na abiria sita hahitaji kile anachohitaji mtu wa kupanda Chogoria na mizigo. Mara nyingi inchi mbili, tairi nzuri, na dereva anayejua kuweka gurudumu juu ya tuta badala ya mferejini, humfikisha kila mahali anapotaka. Gari likipanda, kitovu cha uzito wake hupanda pia, na kwenye kona au mteremko wa pembeni hupinduka mapema zaidi. Abiria hakuchagua hilo. Fundi na mwenye gari ndio waliomchagulia.

Nao vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi huwa na bidii na macho makali, na wengi wanajua hesabu ya pembe kuliko nilivyoijua nilipoanza. Simu zao hupima nyuzi kwa usahihi kuliko kile kipimapembe cha shule. Ninachowaongezea ni mpangilio wa kazi: zuia magurudumu kwa mawe au vigingi kabla ya kugusa shafti, tia alama kabla ya kufungua, pima gari likiwa limening'inia na likiwa limelemewa, tafuta chanzo kabla ya kubadilisha sili, na baada ya kila safari ya matope au kuvuka mto, tia grisi hadi ile ya zamani itoke ikiwa imebeba maji yake. Fundi anayefuata mpangilio huo huenda akaonekana wa polepole kuliko wenzake. Lakini magari yake hurudi salama kutoka safarini.

Na wewe mwenye gari, siku utakapotaka kulipandisha, usiulize bei ya springi peke yake. Uliza shafti itafanywa nini, nani atapima pembe, na vipimo viandikwe kwenye karatasi utakayoondoka nayo. Ikiwa pesa zako zinatosha springi lakini hazitoshi shafti, basi bado hazijatosha kuliinua gari. Subiri, au panda inchi moja pungufu. Fundi atakayekueleza hivyo anajinyima kazi aliyokuwa aifanye leo kwa faida yake, kwa sababu anawafikiria watu watakaokaa ndani ya gari hilo juu ya mlima. Mshike fundi huyo.